Maji ya Lamu Yatoka Wapi: Shajara ya Safari

Jumapili, njiani

Basi liliondoka Mombasa kabla jua halijatoka, na Malindi tuliipita watu wakifungua maduka. Baada ya Garsen na Minjila safari hubadilika: kizuizi, shuka, toa kitambulisho, panda, halafu kizuizi kingine mbele. Askari ni wapole na abiria wamezoea. Bibi mmoja kiti cha mbele alishuka kila mara akiwa na tasbihi mkononi, na hakuacha kuivuta hata wakati kadi yake ikikaguliwa.

Nimesomea mipango miji, na kwa miaka nimezitazama ramani za Pwani zikipita mezani. Katika nyingi ya hizo kisiwa cha Lamu kina rangi mbili tu. Mji umepakwa kahawia, na sehemu yote iliyobaki ni nyeupe, kana kwamba hakuna kitu. Nyeupe hiyo ndiyo iliyonipandisha basi. Nilitaka kuikanyaga kwa miguu.

Mokowe imekua. Zamani ilikuwa mahali pa kushuka basi na kukimbilia boti, basi. Sasa kuna maghala, nyumba za kupanga, na mabango ya viwanja tangu kilomita kadhaa kabla ya gati. Boti ikatuvusha kwa muda mfupi, kaskazi ikivuma na maji yakiturukia usoni.

Mama mdogo anakaa Langoni. Nilipoingia uani nikakuta ndoo, madumu na sufuria mbili kubwa zimejazwa hadi ukingoni. Nikamuuliza kama kuna shughuli. Akacheka. "Shughuli gani? Mai yametoka asubuhi. Yakitoka, wateka. Hujui yatarudi lini."

Jumatatu, Mkomani

Asubuhi nilipita Usita wa Mui kuelekea kaskazini, nikaingia vichochoro vya Mkomani. Mji huu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na eneo lililoorodheshwa ni hekta 16 hivi. Hekta 16 ni kidogo. Mtu huzizunguka zote kabla chai haijapoa, akipishwa na punda.

Ndugu ya mama mdogo, fundi wa nyumba za mawe tangu ujana wake, alinipeleka kwenye nyumba anayoitengeneza. Dari ilikuwa imefunguliwa, na hapo ndipo nilipoona somo lote la mji huu limelala wazi. Boriti zimepangwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake mawe ya matumbawe, juu ya mawe chokaa. Akaniambia nipime upana wa chumba. Haufiki mita tatu. Tukapima kingine, vilevile. Chumba huweza kwenda urefu wowote, lakini upana unaamuliwa na boriti, na urefu wa boriti unaamuliwa na mkoko ulikoota. Ndiyo maana nyumba za Lamu ni vyumba vyembamba vilivyofuatana, daka ya mlangoni, kisha kiwanda, yaani ua wa ndani, kisha msana, yaani ukumbi, kisha ndani, kila kimoja nyuma ya mwenzake. Chokaa nayo ni matumbawe yaliyochomwa kwa kuni za mikoko hiyohiyo.

Niliwahi kufundishwa kwamba Waswahili walijenga hivi kwa ajili ya faragha na baridi. Ni kweli, lakini fundi alinyoosha kidole darini. "Haya yote yatoka Mkanda," akasema, akitaja mlango wa bahari wenye mikoko. Kwake yeye mji haukomei ukutani.

Ukitazama kwa jicho la mpangaji, Mkomani imepangwa kuliko mitaa mingi yenye michoro na mihuri. Kila mtaa una msikiti wake, kila msikiti una kisima au birika, na ardhi inayoteremka kidogo kuelekea baharini imetumiwa kupitisha maji ya mvua. Njia ni nyembamba, punda mwenye mizigo hupita na mtu akajibanza ukutani, na kwa hiyo jua halifiki chini ila saa sita. Familia ikikua, hujenga wikio juu ya njia na kuunganisha nyumba mbili bila kumega ardhi hata shubiri.

Tulitoka tukapanda kuelekea Gadeni, tukazunguka hadi Wiyoni. Huku ndiko mji unakoishi siku hizi, penye mashamba ya minazi ya zamani, na hapa hakuna aliyepanga. Matofali, mabati, makuti, choo cha shimo hatua chache kutoka kisimani, kisha nyumba nyingine. Pikipiki zimeingia kisiwani, nazo huku hupita kama ziko Mtwapa. Watalii hawaletwi huku, na sijaona sheria za urithi zikifika. Siwalaumu waliojenga. Mtu akikosa pa kulala hasubiri mchoro. Nilicholaumu, nikakiandika kwenye daftari kwa herufi kubwa, ni kwamba jitihada zote za uhifadhi zimeelekezwa kwenye milango iliyochongwa, huku ardhi inayobeba maji ya kunywa ikiachwa kwa yeyote mwenye mapesa. Ni kuhifadhi jahazi na kuuza tanga.

Jumanne, Shela

Nilitembea kwa miguu kando ya bahari, yapata kilomita tatu. Shela iliwahi kuwa kijiji cha wavuvi. Leo ni majumba meupe yenye bougainvillea na wapishi, na bei ya kipande cha ardhi hapo haitamkiki kwa kijana wa Lamu. Sikukaa. Nilikuwa na miadi na mzee mmoja aliyefanya kazi ya maji kisiwani mpaka akastaafu, naye alinisubiri nyuma ya kijiji, pale nyumba zinapokoma na mchanga kuanza.

Matuta ya Shela yanafuata ufuo wa kusini, kilomita baada ya kilomita, mengine marefu kupita ghorofa. Ukiyaona mara ya kwanza utasema ni jangwa dogo. Mzee hakupenda neno hilo. Akavua viatu, nami nikavua, tukapanda.

Alieleza kwa utaratibu, kama mtu aliyelieleza jambo hili kwa maofisa wengi. Mvua ya masika ikinyesha juu ya udongo mgumu hukimbia baharini. Ikinyesha juu ya mchanga huu haiendi popote, huzama palepale. Inachujwa inaposhuka, kisha inafika penye maji ya chumvi yaliyopenyeza kutoka baharini. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo hayachanganyiki haraka, huelea juu yake. Chini ya matuta kuna ziwa lisiloonekana, nene katikati na jembamba pembeni, na visima vya mji vimechimbwa kulifuata. Kisiwa hiki hakina mto. Mji wa Lamu unaishi kwa ziwa hilo.

Kisha akanipa hesabu ambayo wanajiolojia huitumia kwa visiwa vya namna hii. Kwa kila mita moja ambayo maji matamu yamesimama juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Inapendeza mpaka uigeuze. Ukivuta kwa pampu ukashusha ile mita moja nusu yake, chumvi inapanda mita 20 kutoka chini. Nayo ikishaingia kisimani haitoki kwa msimu mmoja.

"Kwa hiyo akijenga mtu hapa," nikauliza, "tatizo ni nini hasa? Nyumba hainywi maji."

"Nyumba ina paa, mwanangu. Mvua ya paa yenda wapi? Ina uwanja wa saruji. Ina shimo la choo, na shimo liko mtangani, na mtanga huu wapitisha kila kitu. Ina kisima chake na pampu yake. Wengine wana bwawa la kuogelea." Alinyamaza kidogo. "Na kabla ya yote hayo, huyang'oa haya."

Alikuwa amesimama juu ya mlakasa, ule mmea unaotambaa wenye maua ya zambarau. Mizizi yake na ya majani mengine ya pwani ndiyo inayozuia tuta lisihame. Uking'oa, upepo wa kusi unaokota mchanga na kuupeleka unakotaka, na tuta lililoshuka kimo hubeba maji kidogo.

Matuta haya yametengwa kama chanzo cha maji, na kila mtu niliyezungumza naye kisiwani anajua. Bado tulipita mahali palipo na vigingi vya saruji vyenye namba, na mbele kidogo uzio. Mzee alisema mwenye uzio ana karatasi. Nikauliza karatasi kutoka wapi, akanitazama kama anayemtazama mtoto aliyeuliza bahari imetoka wapi.

Kuna jambo nililiona mimi mwenyewe ambalo hakulitaja. Katika ramani ya viwanja mstari wa mpaka ni mstari, haubadiliki. Tuta la mchanga linatembea. Eneo lililolindwa kwa kuchora duara kuzunguka tuta la leo litakuwa limelinda pahala pasipo na tuta baada ya miaka kadhaa, na tuta lenyewe litakuwa limeingia kwenye kiwanja cha mtu. Ulinzi wa kweli ungefuata maji chini, ambayo hayatembei vile, na ungeacha pembezoni pana pa kuhamia mchanga. Hili halihitaji fedha nyingi. Lahitaji mtu wa ofisi ya ardhi na mtu wa ofisi ya maji wakae meza moja.

Jumatano, Mkanda

Tulifuata maji. Mkanda ni mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, na maji yakitoka chombo hukwama matopeni, kwa hiyo safari hupangwa na mwezi. Bamvua, yale maji makuu ya bahari, ilikuwa karibu na nahodha akataka tuondoke mapema. Kando zote mbili ni mikoko, imejaa mpaka majini, na kelele pekee ni injini na ndege.

Takriban asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya iko kaunti ya Lamu. Serikali ya kikoloni iliitangaza kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932. Kwa karne nyingi kabla ya hapo na baadaye, majahazi yalikuja na upepo wa kaskazi kutoka Arabuni na Ghuba, yakarudi na kusi yakiwa yamesheheni boriti. Nyumba za nchi zisizo na miti zilijengwa kwa miti ya hapa. Kupeleka nje kulipigwa marufuku mwaka 1982. Mwaka 2018 serikali ikasimamisha ukataji wa miti nchi nzima, na wakataji wa Lamu wakakaa bila kazi mpaka katazo lilipoondolewa kwao mwaka uliofuata.

Katika chombo tulikuwa na mkataji mwenye leseni, mtu wa maneno machache na mikono kama mbao. Alinitajia miti kwa kuitazama tu. Mlilana husimama mbele kabisa, penye mawimbi, nao hutoa mataruma, yaani mbavu za vyombo. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi kama miguu ya kaa, hupenda kingo za mikondo, ndio mnyoofu na mzito, na maganda yake yana rangi chungu inayowachosha wadudu. Nyuma yake mkandaa, wa kutoa miti midogo. Mchu uko mbele na uko nyuma, kwa kuwa huvumilia chumvi, lakini kwa ujenzi hausifiwi.

Wakataji wana madaraja yao kufuata unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Huuza kwa korja, yaani ishirini ishirini. Nilimuuliza anachaguaje. Akasema hakati mti uliosimama peke yake, na hakati mdogo penye njia ya maji. Boriti ni ya unene wa sentimita 11 hadi 14 hivi. Akikata mazio mengi leo, kesho hakuna boriti. Alilisema hili bila mbwembwe yoyote, na nikafikiria ni mipango gani ya misitu niliyoisoma ambayo imelisema kwa ufupi huo.

Lakini si kila mahali tulipokuta hali hiyo. Upande mmoja tuliona eneo lililokatwa wazi, visiki vimebaki, matope yamekauka na kupasuka. Mkoko ukiondolewa wote, tope hupata jua, chumvi hupanda, na mbegu mpya haishiki. Huko Mtangawanda, kisiwani Pate, akina mama wamekuwa wakipanda mikoko mahali palipokatwa, na nahodha alisema kazi yao inaonekana kwa macho. Alisema pia kwamba kamba na kaa wadogo hukaa humo mizizini kabla hawajatoka baharini, kwa hiyo kwake yeye mvuvi kupanda mkoko na kutega wavu ni kazi ile ile.

Tulikaa zaidi ya tulivyokusudia, na kurudi tulisukuma chombo kwa pondo.

Alhamisi, Manda

Takwa asubuhi. Mji uliostawi kati ya karne ya 15 na ya 17, kisha ukahamwa, na watu wake wakavuka kwenda Shela. Msikiti wa Ijumaa umesimama, na kaburi lenye nguzo, ambako watu wa Shela huja kuomba mvua. Watu waliokaa juu ya ziwa tamu kuliko yote visiwani bado wanavuka kuja kuomba maji katika mji wa mababu. Nililipenda hilo kuliko magofu yenyewe.

Manda haina maji matamu ya kutosha. Wakazi wa zamani walijenga jabia za kukinga mvua, na baadhi zinatumika. Pamoja na hayo ufuo wake unaotazamana na Lamu umegawanywa viwanja, na majumba yanapanda. Upande wa Maweni wanachimba mawe ya ujenzi, matofali ya matumbawe yanayokatwa kwa mkono juani kutwa nzima. Mawe hayo ndiyo yanayojenga Gadeni na Shela zote mbili, ya maskini na ya tajiri.

Joto lilituzidi. Tulirudi adhuhuri.

Ijumaa

Baada ya swala wanaume walijaa barazani, nami nikakaa na mama mdogo na majirani zake tukikuna nazi. Niliwasimulia matuta. Hakuna aliyeshangaa. Mmoja alisema akiwa msichana maji ya kisima chao yalifaa kwa chai, sasa hufulia tu, na wakati wa kaskazi hata sabuni haitoi povu. Mwingine akauliza mpango wa kaunti unasema nini.

Nikamwambia. Sheria inaitaka kila kaunti iwe na mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka kumi, na Lamu inao, wa 2016 hadi 2026. Ni miongoni mwa kaunti zilizotangulia kuwa nao. Unafikia ukingoni, na utakaofuata unapaswa kusikilizwa na wananchi. Akauliza mikutano hufanywa saa ngapi. Nikasema mara nyingi asubuhi. "Asubuhi ndiyo saa ya mai," akasema, akaendelea kukuna.

Swali hilo limenikaa. Wanaojua kisima gani kimeingia chumvi na lini ni wanawake, na mkutano huwaita wakiwa kwenye foleni ya kuteka.

Jumamosi, Kililana

Bandari mpya ya Lamu haikaribishi wageni wasio na barua. Tuliitazama kutoka baharini, kwa mbali inavyoruhusiwa. Kreni ndefu, gati tatu zilizojengwa katika mpango wa gati 32. Machi 2012 marais Mwai Kibaki wa Kenya na Salva Kiir wa Sudan Kusini walikuja hapa pamoja na waziri mkuu wa Ethiopia, Meles Zenawi, kuuzindua mradi wa LAPSSET, ule wa bandari na njia za usafiri za kuunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, na gati la kwanza likafunguliwa Mei 20, 2021. Ukubwa wa kitu hiki haueleweki mpaka ukiwa kwenye mashua karibu yake, ukajiona punje.

Mvuvi aliyetuchukua alionyesha kwa mkono mahali alipokuwa akitega. Walipochimba kina ili meli kubwa ziingie, tope lilipanda na kulala juu ya matumbawe na majani ya bahari, na samaki wakahama. Mikoko ikakatwa kupisha ujenzi. Wavuvi walikwenda mahakamani mwaka 2012. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliona kwamba haki yao ya mazingira safi, ya kupewa habari na ya uvuvi wa jadi ilikiukwa, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Baadaye pande zote zikaelewana kwamba sehemu ilipwe taslimu na sehemu kwa vyombo na zana za uvuvi.

"Nipewe mashua ya kwenda nje ya bahari," alisema, "lakini mimi najua ndani. Baba yangu alinifunza ndani."

Si mbali na hapo, Kwasasi, palikuwa pajengwe mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira (National Environment Tribunal) lilifuta leseni yake, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Nimewasikia watu wa Nairobi wakiilaumu Lamu kwa kukataa maendeleo. Kaunti nzima ilikuwa na watu 143,920 katika sensa ya 2019. Waliuliza watakunywa nini na watavua wapi. Mpangaji yeyote aliyeiva angeanza na maswali hayo kabla ya kuchora mstari wa kwanza, na bandari yenyewe, ambayo siipingi, ingepata rafiki wengi zaidi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ya gati ni kinachokuja nyuma yake: wafanyakazi, nyumba zao, vyoo vyao, visima vyao. Hayo hayatazinduliwa na rais. Yatakuja kiwanja kwa kiwanja.

Jumapili, Mokowe

Basi lilichelewa kujaa. Kijana mmoja mwenye shati la kola na bahasha ya khaki alikuja kukaa karibu yangu, akaniuliza kama natafuta ardhi. Nikamwambia anionyeshe. Futi hamsini kwa mia, akasema, pembeni mwa mikoko, bahari unaiona ukiwa kitandani, bandari ikifunguka yote bei itapanda mara tano.

Nikamuuliza maji.

"Serikali italeta."

Nikamuuliza maji ya bamvua yanafika wapi kwenye kiwanja chenyewe. Alifikiri, akasema kwa uaminifu kwamba mara nyingine hufika katikati, lakini unamwaga kifusi tu. Nikaomba namba ya kiwanja nikaitafute kwenye ramani ya upimaji. Dereva alikuwa ameshawasha gari. Akapekua bahasha, akaifunga, akaniandikia nyuma ya tiketi namba ya simu ya mwenzake aliyeko Mpeketoni, ambaye, alisema, ndiye anayekaa na mambo ya namba.

Tumefika Witu. Napiga, haipokewi.